Spoti ya Marehemu Isaac

Siku gari jekundu la spoti lilipokokotwa hadi kwenye yadi yake ya Kawangware, Shivachi hakujisumbua kuliangalia gari. Aliyaangalia macho ya mwenyewe. Kageha, fundi cherehani wa mtaa wa Ayany, alikuwa akilipapasa boneti kama mtu anayemuaga mgonjwa wodini. Lilikuwa la kaka yake Isaac, aliyefariki mwaka uliopita. Macho yenye machozi, Shivachi aliamini, hayajui bei.

"Nitafutie mnunuzi," Kageha akamwambia. "Nataka kupanua duka, niongeze mashine. Na wewe utapata chako."

"Dada, hapa umefika nyumbani," akajibu, mkono kifuani.

Shivachi hakuwa fundi. Alikuwa broka, na kazi ya broka, kwa jinsi alivyoielewa, ni kusimama katikati ya mwenye gari na mnunuzi, tena asimame kwa upana, wasije wakaonana.

Siku chache baadaye akampigia simu kwa sauti ya matanga. "Dada, fundi amefungua injini. Imekufa. Giaboksi nayo imeifuata. Wanaolitaka ni watu wa skrapu tu, na hata hao wananuna."

Kageha akasema atafikiria. Shivachi akakata simu, akayapaka matairi mafuta ya kujipaka mpaka yakang'aa kama viatu vya bwana harusi, akapiga picha na kuirusha mtandaoni: *Spoti safi. Mwenyewe daktari. Limeendeshwa Jumapili tu, kwenda kanisani.*

Picha hiyo ikamfikia Adhis, msusi ambaye saluni yake imepakana na duka la Kageha. Gari alilijua vizuri. Isaac, kila alipokuja kumsubiri dada yake, alikuwa akiketi saluni na kuwahutubia wateja wenye rola kichwani jinsi ya kununua spoti iliyotumika bila kuja kulia. Adhis akaenda kwa jirani, simu mkononi.

"Kageha, kaka yako alisomea udaktari lini?"

Kageha akasoma, akasoma tena. Akanyanyuka aende polisi.

"Keti kwanza," Adhis akamwambia. "Polisi watalikalia hadi liote nyasi. Wacha mimi nikalinunue."

Kesho yake akatokea yadini na miwani ya jua iliyomfunika nusu ya uso.

"Niaje boss. Mchumba wangu yuko kwa meli huko Ulaya. Anataka kunisurprise na spoti, lakini mimi ndio natafuta."

Shivachi alikuwa amelipasha gari moto tangu asubuhi ili liwake bila kukohoa. Adhis hakuugusa ufunguo. Aliweka kiganja kwenye boneti.

"Mbona iko moto? Mimi huiwasha ikiwa baridi. Nitarudi kesho, na usiiguse."

Kesho yake likawashwa likiwa baridi. Likatoa moshi wa bluu uliofunika yadi nzima, na kuku wa jirani wakakimbilia ndani.

"Hiyo inakunywa oil," Adhis akasema kwa huzuni. "Pole boss. Mchumba wangu hapendi gari mlevi. Ikitengenezwa unipigie, pesa si shida."

Maneno hayo ya mwisho yalimnyima Shivachi usingizi. Akaita mafundi, injini ikafunguliwa kweli safari hii. Adhis akarudi, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akatoa sumaku mkobani na kuipitisha ubavuni mwa gari. Ikashika, ikashika, ikafika mlangoni ikaanguka chini.

"Hapa hakuna bati, boss. Hapa ni filla ya kuzibia na rangi."

Mlango ukapatikana, wa bati. Akarudi tena. Safari hii akaangalia namba za kilomita, akaangalia miguuni.

"Imetembea kidogo hivi, na pedali ya klachi imeisha kama sabuni?"

"Daktari alikuwa na mguu mzito," Shivachi akasema.

"Basi badilisha klachi. Na hayo matairi yameliwa upande mmoja, angalia pia chini kama imenyooka."

Wakati huo Shivachi alikuwa ameshauza pikipiki yake. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Yeye alijiuliza moja tu: mchumba wa meli akilipa mara moja, nitanunua pikipiki ngapi? Akanyoosha gari chini, akabadilisha matairi, breki zikawa mpya. Gari likaanza kunguruma vile Isaac alivyokuwa akilisimulia.

Hatimaye Adhis akazunguka gari lote, akakosa la kusema. "Kesho mchana nakuja na pesa," akaahidi.

Shivachi akampigia Kageha papo hapo. Aje asubuhi na logibuku, hati ya gari, asaini; watu wa skrapu wamekubali.

Kageha akaja asubuhi. Nyuma yake alikuwa Adhis, bila miwani, kanga ya saluni begani.

Shivachi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Hii ndiyo skrapu?" Kageha akauliza, akaingia, akawasha. Injini ikaitika. Akaweka mikono kwenye usukani wa kaka yake, na machozi yakamtoka akicheka.

"Dada, nimetumia... yaani, gharama..."

"Ya kutengeneza maiti?" Adhis akauliza. "Si ulisema injini imekufa?"

Akubali au akane, angejifunga. "Mungu ni mwema," Shivachi akasema.

"Sana," Kageha akasema. "Panda, tukushushe stage ya matatu."

Wakampakia nyuma, magoti yakigusa kidevu. Walipofika barabarani, mzee mmoja aliyevaa koti zuri akawapungia, akainama dirishani.

"Hii mnauza?"

Shivachi hakuweza kujizuia. "Mzee, injini imefunguliwa upya! Klachi mpya, breki mpya, matairi mapya, mlango ni bati tupu, leta sumaku upime!"

Mzee akamtazama kwa mashaka, kisha akamgeukia Kageha. "Mama, huyu anaongea kama broka. Kuna ukweli hapo?"

"Leo tu," Kageha akasema, akamfungulia mlango Shivachi ashuke. "Mwenye gari ni mimi. Ingia, mzee, tuzungumze bei."