Rejista Kuu ya Majumba ya Sinema Yaliyopo, Yaliyokuwapo na Yanayotafutwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa makamu wake, ambaye amemsindikiza kwenye huo udhuru. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Ndugu wadau, wabia na wahisani. Wazee wetu, mama zetu, shemeji zetu. Ninyi mlioketi kwenye viti vizima, na ninyi mlioketi kwenye vyuma vilivyobaki baada ya mito kuibwa. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mahali haikuzingatiwa, basi ihesabike imezingatiwa. (Makofi ya watu wawili. Mmoja ni dereva wa mheshimiwa.)

Mimi, kama mnavyonifahamu, na kama hamnifahamu huo ni uzembe wa kitengo cha mawasiliano, ndiye Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Idara ya Kumbukumbu, na nimekuja hapa saa saba kamili, kwa saa yangu, kuzindua rasmi mradi mkubwa, mpana, mtambuka na jumuishi wa kuandika historia na hatima ya majumba yetu ya zamani ya sinema, mradi ambao ulianza kama wazo kichwani mwangu nikiwa nanyoa ndevu, ukapita kwenye semina tatu, wokshopu tano na kongamano moja lenye ubaridi mzuri sana, hadi leo hii tunaposema kwa kifua mbele kwamba umekamilika kwa asilimia mia moja na ishirini na tatu. (Sauti kutoka nyuma: "Hizo ishirini na tatu umezitoa wapi, baba?" Kicheko.) Hiyo ni ziada, ndugu yangu. Sisi hatubani matokeo.

Hali ikoje kwa mujibu wa data? Majumba yalikuwa kumi na saba. Manne yamegeuka maghala, matatu ni karakana za magari, moja linauza magodoro, mawili yamehama kwenda kusikojulikana, na yaliyobaki yako kwenye prosesi. (Bibi mmoja wa mstari wa mbele, aliyewakatia watu tiketi na kuwamulikia tochi katika ukumbi huu tangu ujana wake: "Jengo linahamaje, mwanangu?") Linahama kitakwimu, bibi.

Na sasa niwaonyeshe tunda lenyewe. Hii hapa! (Anainua kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Watu: "Aaah!") Hii ndiyo Rejista Kuu. Kwa mujibu wa kanuni ya tisa, jumba lolote lililoandikwa humu, kwenye ukurasa wenye muhuri na sahihi yangu, halibomolewi, halikatwi, haligongwi hata msumari bila idhini. Na kwa sababu najua midomo ya watu, kwamba kesho mtasema ofisi imechelewesha, jana nilijifungia kutwa nzima nikagonga muhuri, nikatia sahihi na tarehe ya leo kwenye kurasa zote mia mbili, hadi kifundo cha mkono kikavimba. Huo ndio utumishi! (Makofi.) Chukueni, mpitishiane, kila mmoja aonje uzito wa maendeleo.

(Mzee mmoja anasimama. Ni fundi wa projekta wa ukumbi huu. Nje ya mlango tingatinga linanguruma, naye anauliza: "Mheshimiwa, hawa wamekuja kuvunja saa nane ili pawe maegesho ya magari. Jumba letu limo humo kitabuni au halimo?")

Swali zuri. Swali zuri sana, mzee wangu, na nakupongeza kwa kusimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Ningependa kulijibu kwa upana wake. Ukumbi huu niliuchagua kwa makusudi, kwanza una viti vingi, pili uko karibu na ofisi, na kuhusu hilo la saa nane msiwe na wasiwasi hata chembe, nimeshaongea na mkandarasi na amenihakikishia kwamba hotuba itakuwa imekwisha. (Minong'ono. Fundi anabaki amesimama: "Nimeuliza kama limo." Bibi wa tiketi amefungua kitabu. Anafunua kurasa, anafunua tena: "Mbona cheupe hiki?") Bibi, hiyo ni nakala ya maonyesho. Nakala yenyewe, iliyojaa pomoni, imefungiwa kabatini makao makuu kwa sababu za kiusalama. (Bibi: "Nani ana kalamu?") Mmeona? Mmeona wananchi wenye mwamko? Mpeni kalamu bibi, aandike mambo muhimu ninayoyasema!

Naendelea. Nguzo za mradi ni saba. Nguzo ya kwanza ni uwezeshaji, ya pili ni uwezeshaji wa wawezeshaji, na ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa fremuweki nzima... (Kwenye mstari wa mbele vichwa vimekutana juu ya kitabu. Fundi anasema polepole, bibi anaandika. Mtu anaongeza: "Usisahau ile siku ya baiskeli!" Kicheko kikubwa.) Nafurahi mnapofurahia nguzo ya tatu, wengi huwa hawaielewi. Ya nne ni uendelevu. Ya tano niliiacha kwenye gari. Ya sita... (Kitabu kinapita. Mshona viatu anaandika. Mwalimu mstaafu anaomba karatasi nyingine, anaambiwa aandike kwa ufupi, wenzake wanangoja.) Kwa kweli nimehutubia miaka kumi na minne, sijapata kuona watu wakichukua noti namna hii! Andikeni, jamani, andikeni! Mtakuja kuwasomea wajukuu!

(Saa nane. Mlango unafunguliwa. Msimamizi wa ubomoaji anaingia na kofia yake ngumu mkononi: "Samahani, muda umefika, tunaomba mtoke." Fundi hatoki. Bibi anamwendea msimamizi na kumpa kitabu, ukurasa wa kwanza ukiwa wazi. Msimamizi anasoma, anakuna kichwa, anampelekea mheshimiwa jukwaani: "Mzee, huu muhuri ni wenu? Na hii sahihi, ni yako?")

Nini? Hebu nione. Muhuri... ndiyo, muhuri ni wetu. Sahihi... naam. Ni yangu. Sasa nitaikanaje, ndugu yangu, na nimekwisha kuwaambia watu wote hawa kwamba niligonga mwenyewe hadi mkono ukavimba? (Kicheko. Sauti: "Tusomee!" Wengine: "Soma, soma!") Haya, tulieni nisome.

"Ukumbi una viti mia nne na kumi na mbili, tisa havikaliki. Mkanda ulikuwa mmoja, kumbi mbili. Wenzetu wa ng'ambo ya soko walianza nusu saa mapema, na kila kipande kikiisha kwao kililetwa hapa kwa baiskeli. Siku moja tairi likapasuka njiani, skrini ikawa nyeupe, watu wakaanza kupiga viti. Dada wa tochi, aliyekuwa ameiona picha ile mara saba, akapanda jukwaani akaisimulia hadi mwisho. Kipande kilipofika, mwisho wake ukawa tofauti. Watu wakaguna, wakamwambia fundi azime mashine, wanautaka mwisho wa dada." (Ukumbi unacheka. Bibi: "Nilikuwa nimesahau, nikatunga! Ningefanyaje?")

Kuna mwandiko mwingine hapa chini. "Pazia lilishonwa na mke wa fundi. Siku tatu baada ya kumzika, fundi alikuja kuwasha mashine kwa sababu watu walishakata tiketi, na mlango ulipofunguka akaona ukumbi mzima umekuja kumpa pole. Picha haikuonyeshwa. Hakuna aliyedai chake."

(Mheshimiwa anavua miwani.) Ndugu zangu, hili kwenye ripoti yangu halimo. Limenigusa, nasema kweli. Na nitasema jambo ambalo halikuandikwa kwenye hotuba: mimi ukumbi huu naujua. Nilikuwa naingia kwa mlango wa choo, bila tiketi, Jumamosi nyingi tu. (Bibi: "Najua. Nilikuwa nakuona." "Ulikuwa unaniona, bibi?" "Ndiyo maana nilikuwa nazima tochi." Vigelegele.)

Ehe. Basi. Kwa mamlaka niliyopewa, ndugu msimamizi, jumba limo. Kanuni ya tisa. Zima tingatinga lako, urudi ukae, kuna kiti safu ya nne. (Shangwe. Fundi wa projekta anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aulize swali lake, anajifuta macho kwa shati, halafu anainuka tena na kupanda ngazi kwenda kwenye chumba chake cha mashine, akisema lazima awaonyeshe picha leo.)

Sinema zetu! (Wananchi: "Zisimame!") Tingatinga! (Wananchi: "Likalale!") Rejista! (Bibi: "Bado kurasa mia moja tisini na sita, wanangu, leteni kalamu!")

Kwa kumalizia, kwa maana naona taa zinapunguzwa, natoa shukrani. Nawashukuru watafiti wetu ishirini na wanne, ambao nitaanza kuwatafuta Jumatatu. Nalishukuru kabati la makao makuu, ambalo kwa miaka yote hii limeutunza vizuri mwavuli wangu, na hakuna kingine ndani yake. Lakini zaidi sana nawashukuru ninyi, mabibi na mabwana, kwa kuuanzisha mradi huu leo saa saba na robo, nikiwa bado nausifia. Asanteni.