Siku Saba za Kuwa Mkwe Mbaya

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika hotelini saa tisa alasiri. Mguu wa kulia umekufa ganzi. Mpango umeharibika kabla hatujafungua masanduku.

Niandike mambo yalivyo, maana hapa hakuna wa kunisoma. Mama mkwe alipasuliwa goti mwezi wa nne. Nyumba yake ina ngazi kumi na saba. Hawezi tena kukaa peke yake. Binti zake wawili, yaani mke wangu na dada yake, wamekata shauri: wiki moja sote baharini, tupumzike, tutembee, na siku ya mwisho mama aseme mwenyewe anahamia kwa nani. Kwetu au kwa dada mtu.

Kwetu kuna chumba kimoja cha ziada. Ndiyo karakana yangu. Mimi ni fundi wa mizani. Mle mna mizani thelathini na moja, za maduka, za zahanati, moja ya posta, zote zinanisubiri mimi. Ni mahali pekee katika nyumba ile ninaposubiriwa. Mke wangu ameshapima dirisha kwa ajili ya mapazia.

Mkakati ni mmoja. Ndani ya siku saba mama mkwe aone kwamba mimi ni mkwe mbaya, na kwamba mwanyumba wangu, mume wa dada mtu, ni malaika. Hapo penye malaika ndipo penye kazi. Bwana yule anauza milango ya alumini na hana habari na mtu asiyetaka mlango.

Hatua ya kwanza ilikuwa iwe garini. Nikalie kiti cha mbele, kando ya dereva, mama na goti lake abanwe nyuma. Nikamkuta mwanyumba ameshakaa mbele, kiti amekilaza, macho kayafumba. Nikakaa nyuma. Mguu wa mama ukawekwa mapajani mwangu, juu ya mto, saa sita nzima. Kila tulipopita tuta niliushika usitikisike. Mikono ilifanya yenyewe. Mke wangu akaninong'oneza kwamba hajawahi kunipenda kama leo.

Jumapili, 4 Agosti

Niliamka na nia ya kutomwamkia mama mkwe. Kwa kuanzia, hilo tu lingetosha. Nikamkuta kwenye meza ya chai, nikanyamaza, nikavuta kiti. Shikamoo ikanitoka kabla sijakaa. Marahaba baba, akasema, akanisogezea mkate.

Mpango wa pili. Wengine walikwenda kuogelea, mimi nikaachiwa mama ufukweni. Nikamwacha juani kwenye kiti cha kulalia, hana kofia, nikajificha nyuma ya kibanda cha kukodisha miwani ya kuogelea. Saa nzima. Nikatoka kwenda kupokea lawama. Wahudumu wawili walikuwa wameshamhamishia chini ya mwavuli. Ana glasi ya maji ya matunda, anasimulia. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minne, hadithi hazimwishi. Akanishukuru. Akasema tangu apasuliwe, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwacha akae kama mtu mzima.

Nyuma ya kibanda hapakuwa na kivuli. Kisogo kimeungua.

Jumatatu, 5 Agosti

Kwenye chakula cha mchana nilianza kummwagia mwanyumba sifa. Nikamweleza mama jinsi nyumba ya mwanyumba ilivyo na bafu chini, bustani, na kibaraza kinachopata jua la asubuhi. Mwanyumba akaweka uma. Akasema bustani ina nyuki. Akasema utulivu wa kweli uko kwangu, tena mimi ni fundi, kwangu bomba likivuja halimalizi siku. Nikasema mwanyumba ana roho nzuri ajabu. Akasema yangu ni nzuri zaidi. Tukaendelea hivyo mpaka samaki wakapoa.

Wake zetu wakatazamana, machozi yanawalengalenga. Miaka kumi na miwili mimi na yule bwana hatuivi, tangu aliponiuzia mlango usiofungika. Sasa wanaamini bahari imetupatanisha. Dada mtu akatupiga picha tumeshikana mabega. Mwanyumba alinibana kuliko picha ilivyohitaji.

Jumanne, 6 Agosti

Leo ilikuwa ziara ya ngome kuukuu na makumbusho. Tulitembezwa na dada mmoja mwenye kipaza sauti. Nilikusudia kumbishia kila tarehe mpaka mama mkwe aone haya kutembea nami. Sikupata nafasi. Mwanyumba alikuwa ameshaanza. Alibishia mwaka wa mzinga, kisha akabishia mzinga wenyewe. Tulipopumzika uani akaenda kukaa ubavuni mwa mama mkwe, akawasha sigara.

Bwana huyu aliacha sigara miaka tisa iliyopita. Alikohoa kila alipovuta. Alipoona namtazama akageuza uso. Hapo nikaelewa. Naye hamtaki mama kwake. Tunagombea nafasi ileile. Tangu tuoe amenizidi gari, nyumba na nywele. Sasa hata ubaya ameuanza kabla yangu.

Nikamfuata chooni, nikamwambia aache mchezo.

"Mchezo gani, kaka?" akasema. "Navuta sigara yangu tu."

Akanawa mikono taratibu. Akaniambia ameshamweleza mama kwamba mimi huwa namsifu hata asipokuwepo.

Jumatano, 7 Agosti

Tulikwenda kwenye mnara wa taa. Wote wakapanda, pamoja na binti yangu, ambaye ana miaka kumi na minne na hupanda chochote kitakachomweka mbali nasi. Mimi na mama mkwe tukabaki chini kwenye benchi.

"Baba," akasema, "nimeshaamua. Nitakuja kwako."

Nikamuuliza kwa nini. Sauti haikuwa yangu.

"Kwa mwenzako kila kitu ni kipya. Kikiharibika kinatupwa. Wewe unatengeneza. Mtu mwenye goti kama hili huangalia mambo hayo."

Akacheka kidogo. Akaniomba nisiihamishe karakana yote. Amepima watoto wachanga maisha yake yote, angependa kukaa pale akiniangalia nikifanya kazi.

Nikamwambia karibu, mama. Kweli. Kama dakika mbili hivi nilikuwa mtu mwema, na haikuuma. Kisha nikakiona kitanda. Kitanda, kabati la nguo, chupa za dawa dirishani, mizani zangu nje zinashika kutu. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi ningefurahi sana, mama, ila ni mwanao. Amechoka. Hujifungia bafuni akalia akifikiria kulea mtu mzima, na hawezi kukwambia.

Uongo mtupu. Sijawahi kumwona mke wangu akilia bafuni. Wiki nzima hii anaimba humo.

Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Amesema amechoka?" Nikasema ndiyo. Akafunga vifungo vya sweta yake vyote, mpaka cha shingoni, na jua lote lile.

Wengine wakashuka, wanahema, wanasema nimekosa mambo mazuri huko juu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mama hakutoka chumbani. Mke wangu alimpelekea supu. Akarudi nayo, haijaguswa. Mama amemwambia asijisumbue, asijichoshe. Akakaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mikononi, akaniuliza kama nimegundua chochote. Nikasema huenda ni goti.

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, naye ananitazama kama mtu anayenitegemea. Nikachukua taulo nikaenda kuogelea. Maji yalikuwa baridi, mwani ukaniviringa miguuni.

Nitamwambia kesho. Nimeandika ili nisisahau.

Ijumaa, 9 Agosti

Tulikaa kula chakula cha mchana cha mwisho. Dada mtu akasema haya mama, tuambie. Mama akaweka kijiko. Akasema anarudi kwake. Ngazi atazipanda kwa kukaa, moja moja. Hataki kumlemea mtu aliyechoka kabla hajabeba.

Mke wangu akauliza nani amechoka.

"Wewe, mwanangu. Wala sikulaumu."

"Nilimwambia nani?"

Mama akanigeukia. Wote wakanigeukia. Mhudumu aliyekuwa anakuja na sinia akarudi alikotoka.

Mke wangu ni mwalimu. Hakupaza sauti. Aliniuliza polepole, kama anavyomuuliza mwanafunzi ambaye jibu lake analijua: "Ulimwambia mama yangu hivyo?"

Nikasema neno lilitoka lenyewe. Nikasema nilimaanisha uchovu wa kawaida. Nikasema jua lilikuwa kali.

Akaacha kunisikiliza. Akamshika mama mkono, akamwambia twende kwetu, mama, nakuomba. Mama akampapasa kiganja. Akasema kwake angekuja leo hii, lakini hawezi kuishi na mtu ambaye akisema karibu hujui amesema nini.

Mwanyumba akaona upenyo. Namjua. Akasimama, mkono kifuani, akasema nyumba yangu ni yako, mama, hata ukitaka leo. Alikuwa na hakika kwamba baada ya aibu ile mama asingetaka kusikia habari za wakwe. Abaki na sifa, mzigo asiubebe.

Mama akamtazama kidogo.

"Nakubali, baba. Leo."

Mkono ukashuka kutoka kifuani taratibu. Nakiri, niliona raha. Raha ile ilidumu mpaka nilipomtazama mke wangu.

Jumapili, 18 Agosti

Mke wangu amehamia chumba cha ziada. Siku ileile tuliyorudi alitoa mizani zangu, yeye na binti yetu, moja baada ya nyingine, bila kupasua hata kioo kimoja. Afadhali angepasua. Zote ziko kibarazani chini ya turubai. Mapazia ameyatundika. Yana maua. Anasahihisha mitihani humo, mlango umefungwa. Huniambia chakula kiko mezani. Zaidi ya hapo hakuna neno.

Habari kutoka kwa mwanyumba ni mbaya sana: wanaishi vizuri. Mama anamwagilia bustani ameketi kwenye kiti. Mwanyumba ameacha sigara mara ya pili na majirani wanamsifu kwa moyo wake. Binti yangu anakwenda kukaa huko mpaka shule zifunguliwe. Sikuombwa ruhusa, niliarifiwa.

Asubuhi hii nimekaa kibarazani na mizani ya zahanati magotini, nikafikiri kwa utulivu. Nimeliona kosa langu. Nilimsingizia mtu wa karibu mno. Jambo kama lile lilitaka mtu wa mbali kidogo.

Na njia nimeipata. Mama mkwe akija kwetu atahitaji chumba cha ziada, na mke wangu itabidi arudi chumbani kwangu. Kinachotakiwa ni mama aondoke kule kwa hiari yake. Nimeshaanza barua. Ninamweleza, kwa heshima na kwa uchungu, kwamba mwanyumba hana tatizo kabisa, ila mkewe, maskini, amechoka.