Kabichi Zangu na Kompyuta ya Gitega

Jumanne, 2 Agosti 2022. Gashoho.
Leo neema imeshuka! Gracieuse, agronomi, yaani mtaalamu wa kilimo wa mradi wetu wa mboga, amekuja toka Gitega na kompyuta. Ukiipa udongo wako inakuambia maji kiasi gani, mbolea kiasi gani, na kama shamba lina chumvi. Ametuagiza tuchote udongo sehemu mbalimbali za shamba, tuchanganye, tumpelekee. Jirani yangu Audax akasema kabichi zake anazipima kwa macho. Mshamba! Mimi nimekulia Kasulu, Tanzania, nimeona mambo. Lazima nimshinde. Imelda, mke wangu, amesema mvua za Septemba zisitukute tena chini ya turubai. Kabichi ndiyo mabati yetu.

Jumatano, 3 Agosti.
Shamba liko bondeni, mbali, na jua kali. Udongo ni udongo. Nimejaza mfuko nyuma ya nyumba, pale shemeji anapowawekea ng'ombe wake chumvi walambe. Mweusi, laini, unapendeza! Nimeupeleka Gitega mwenyewe. Gracieuse akauliza kama nimefuata maagizo. Nikamwambia yote, mama, yote.

Jumatatu, 8 Agosti.
Majibu kwenye simu! Chumvi imepita kiasi. Gracieuse anasema katika milima yetu hii hajaona kitu kama hicho. Kompyuta inashauri nisitie mbolea, nioshe udongo kwa maji mengi. Ila Gracieuse anataka nisubiri kwanza aje apime mwenyewe. Nisubiri? Mimi? Gashoho nzima ni mimi peke yangu mwenye shamba la chumvi! Nimetangaza sokoni.

Jumanne, 9 Agosti.
Nimempiga Audax bao. Nimempa mbolea yangu yote, yeye kanipa zamu zake za maji ya mfereji wiki nzima. Kacheka mpaka kashika mbavu. Maskini, hajui kaliwa.

Ijumaa, 12 Agosti.
Maji usiku na mchana! Kabichi zinaogelea. Vyura wamehamia. Yakifurika yanashuka kwa Audax, shamba lake liko chini ya langu. Siku hizi ananiamkia kwa heshima, ananiita mzee. Imelda anauliza mbona majani yanageuka njano. Nimemwambia ni chumvi hiyo inatoka.

Jumatano, 17 Agosti.
Gracieuse amekuja. Kachomeka kipimo shambani. Chumvi hakuna, hata ya kuunga mboga! Nikashika kabichi moja nimwonyeshe, ikang'oka yenyewe. Mizizi imeoza, inanuka. Akauliza udongo ule niliuchota wapi. Nikampeleka nyuma ya nyumba. Ng'ombe wa shemeji tukamkuta palepale, anaulamba. Gracieuse akakaa chini kwa kicheko. Akasema kompyuta haikukosea, nimeiuliza habari za ng'ombe. Kabichi za Audax, kwa mbolea yangu na maji yangu, zimekuwa kubwa kama vichwa vya ndama. Imelda hakucheka. Kaingia kwenye turubai, kalia. Roho imeniuma.

Alhamisi, 18 Agosti.
Imelda kaenda kibarua kwa Audax, kuvuna. Anasema atanunua bati mojamoja. Mimi nimekaa, nimefikiri. Gracieuse kaniachia mfuko mpya, nichote upya, safari hii shambani kwelikweli. Haya! Nimeshuka bondeni bila uvivu, nimechota huku na huku, nimechanganya vizuri. Kwa Audax. Udongo ulionenepesha kabichi namna ile, kompyuta ikiuona tu, itanipangia mavuno ya ajabu! Imelda kanikuta nimeinama kati ya matuta ya watu, kauliza nafanya nini. Nimemwambia aanze kutafuta misumari.