Trekta Jekundu la Mtaalamu

Mtaalamu, mtu ambaye hakusomea chochote isipokuwa nyuso za watu, alikuwa ameokota trekta la mkono kwa muuza vyuma chakavu. Lilikuwa na kasoro moja tu: likilima robo saa, linazima. Akawaza pampu ya maji ya Shangazi Bilinganya, mjane aliyelima mboga pembezoni mwa mji kwa jembe. Pampu nzima kabisa, na mwenyewe mpole! Akalipiga trekta rangi nyekundu, akavaa ovaroli safi, huyoo bustanini.

"Tubadilishane, shangazi. Chukua mashine, nichukue pampu. Nakulimia tuta moja ujionee."

"Tuta moja litanionyesha nini, mwanangu? Hapa udongo laini. Anzia kule kwenye udongo wa mfinyanzi."

Akaanzia kule. Trekta likanguruma, likapindua matuta mawili, kimya.

"Limekufa?"

"Aa, wapi! Hizi za kisasa hujipumzisha zenyewe, kulinda injini."

"Kumbe! Nyie wataalamu mna mambo." Shangazi akaleta gunia bichi, akaifunika injini, kisha akamkaribisha chai. Walipomaliza kunywa, trekta likawaka. Mtaalamu nusura aruke kwa furaha.

"Na kule penye mawe litaweza?" akauliza Shangazi. Baadaye, "Na kule mteremkoni?" Mtu aliyekwisha kusifia mashine kiasi kile angekataaje? Kila lilipozima, chai na gunia. Kufikia alasiri bustani yote ilikuwa imelimwa, viganja vya Mtaalamu vimejaa malengelenge na ovaroli haitamaniki. Maskini, alikuwa anatabasamu.

"Haya shangazi, nifungue pampu?"

"Uifungue, mboga nizinyweshe mate? Shamba limeshalimwa, trekta la nini tena?"

"Lakini tulikubaliana!"

"Ulikubali wewe. Mimi nilisema anzia kwenye mfinyanzi."

 Mtaalamu akalitazama trekta, akamtazama mama wa watu. "Ulijuaje kulipoza?"

"Nimeishi nalo miaka minne. Liliponichosha ndipo nikampelekea muuza vyuma. Ila rangi imelipendeza, sikatai." Akamfungulia lango. "Msimu ujao uwahi, mwanangu, kabla jua halijawa kali."

Mtaalamu akalisukuma trekta lake hadi barabara kuu, akihema. Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa amemjibu, "Sawa, shangazi."