Kilo Mbili za Msafiri

Suleimani alisema kwa mdomo wake, mbele ya watu wazima wenye ndugu mkoa wa Tanga, kwamba anakwenda likizo. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Wenye akili Doha hawasemi. Mtu anakula nawe Ijumaa, anacheka, anakuaga kwamba mtaonana kesho kutwa, halafu Jumatatu unaona picha yake kwenye simu yuko Raskazone, Tanga, ananyonya muwa. Ndipo unajua kasafiri. Humlaumu, kwa sababu nawe ungefanya hivyo hivyo. Anayetangaza safari anatangaza begi lake. Begi linabeba kilo thelathini, na kila Mswahili wa Doha ana kamzigo kake kadogo, kamelala kabatini, ambako kwa maelezo ya mwenyewe hakana hata uzito.

Lakini Suleimani alikuwa na furaha, na furaha ilimshinda kuimeza. Alikuwa dereva wa familia moja kule Al Rayyan, na bosi wake alikuwa amempa likizo ya kwanza tangu afike. Mtoto wake, Shani, alizaliwa yeye akiwa tayari huku. Shani alimjua baba kuwa ni simu. Mama yake akipigiwa, mtoto aliinyakua akakimbia nayo uvunguni, akiwaambia majirani kwamba huyu ni baba yake na wasimguse. Siku moja aliilisha uji, simu ikalazwa kwa fundi. Suleimani alikuwa amemwahidi baiskeli ya magurudumu matatu, nyekundu, yenye kengele. Alikuwa ameshainunua. Ilikaa chini ya kitanda chake, na ilikuwa na uzito wa kilo sita.

Habari hiyo ya likizo aliitoa Ijumaa, kwenye pilau ya Umoja wa Waswahili wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nyumbani kwa Mwenyekiti. Masahani hayajaondolewa, simu zote zikalia kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Mwenyekiti, Bwana Faraji, ambaye alikuwa ameketi pale pale kati yao, lakini jambo rasmi halisemwi mdomoni huku mtu anatafuna.

"Ndugu wanachama," ilisema sauti. "Kufuatia fursa iliyojitokeza, uongozi umeunda Kamati ya Muda ya Uratibu wa Kilo za Wasafiri. Kuanzia sasa kilo ni rasilimali ya umma. Msafiri ni chombo cha utekelezaji. Chombo kinaombwa kitulie. Mwisho wa taarifa."

Watu wakapiga makofi. Na kwa kweli ilikuwa hatua ya busara. Zamani msafiri alivamiwa mlangoni kwake kama mwizi wa kuku. Sasa angevamiwa kwa utaratibu.

Bwana Faraji alikuwa mkuu wa walinzi katika jengo moja refu la maofisi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuwaambia watu mstari unaanzia wapi, na aliifanya kwa moyo hata siku za mapumziko. Alikuwa na kidole kirefu cha shahada ambacho kilipoinuka, watu wazima walirudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini. Kwa sifa hizo alichaguliwa mwenyekiti, na kwa sifa hizo alijiteua kuongoza Kamati.

Mtaalamu wa mizani akateuliwa Kerubo, nesi wa Kikenya. Hakuwa na wa kumpelekea kitu Tanga, kwa hiyo alionekana hana upendeleo, na mtu aliyepima watoto wachanga maisha yake yote hawezi kushindwa na sanduku la maziwa ya unga. Kerubo alikubali, ila aliuliza msafiri mwenyewe amepewa ngapi.

Mwenyekiti alifafanua. Kilo ishirini ni za wanachama, zigawanywe kwa haki. Kilo nane ni akiba ya dharura, chini ya usimamizi wa Mwenyekiti. Kilo mbili ni matumizi ya chombo.

"Chombo ndiye Sule?" akauliza Kerubo.

"Ndiye."

"Sasa Sule ataenda kwao na kilo mbili, kama mtu ametoka jela?"

Mwenyekiti alisema hoja imepokelewa. Ilikuwa imepokelewa kweli. Hakuna aliyeiona tena.

Suleimani alirudi Al Rayyan, akaivuta baiskeli kutoka chini ya kitanda, akaiangalia, akairudisha. Ijumaa iliyofuata alikwenda mapema kwa Mwenyekiti kuomba aongezewe kilo nne tu, za mtoto. Bwana Faraji alimsikiliza kwa huruma kubwa, akamwambia ombi limekataliwa, lakini ana haki ya kukata rufaa. Suleimani akauliza rufaa inakatwa wapi. Bwana Faraji akainuka kutoka kiti cheupe cha plastiki, akaenda kukaa kwenye kile cha buluu.

"Karibu," akasema. "Kamati ya Rufaa inakusikiliza."

Suleimani akaeleza upya, tangu mtoto na uji. Kamati ya Rufaa ilitikisa kichwa. Ilikuwa haijawahi kuisikia habari hii.

"Tatizo, kijana wangu, baiskeli si mzigo. Baiskeli ni chombo cha usafiri. Mimi nashughulika na mizigo. Hiyo ya usafiri si idara yangu."

"Sasa idara yake ni ipi, Mwenyekiti?"

"Haijaundwa." Alifikiri kidogo, kwani hakuwa mtu katili. "Lakini kengele ina uzito gani? Peleka kengele. Mtoto anataka mlio. Hayo magurudumu ni mambo ya watu wazima."

Basi Suleimani akafungua kengele kwa bisibisi, akaiweka kwenye kilo zake mbili, pamoja na kandambili na shati la Idi.

Siku ya kupima, foleni ilianzia sebuleni kwa Mwenyekiti ikashuka ngazi mpaka kwenye duka la juisi. Mwenyekiti aliinyoosha kwa kidole. Kila mtu alikuja na nusu kilo, na kila nusu kilo ilipotundikwa kwenye mizani ya Kerubo ilikuwa kilo tatu. Amiri wa hotelini alileta tende za kupelekwa Pangani, ambako alidai hakuna tende. Mwingine alileta juisi ya unga ya kutosha shule nzima. Kerubo alifungua kila kifurushi akatazama ndani, na aliyenuna aliambiwa arudi na mzigo wake.

Kilo za wanachama ziliisha zamu ilipomfikia Tatu. Tatu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, mtu mpole, na alikuwa amekumbatia blanketi zito la manyoya lenye picha ya chui. Mama yake yuko Lushoto, na baridi ya Lushoto haina mzaha, hasa kwa mwenye miguu inayouma. Tatu akauliza kwa adabu kama ile akiba ya dharura haiwezi kumsaidia. Akaambiwa akiba imeshajaa. Ilikuwa imejaa seti ya vyombo vya udongo, sahani, bakuli na birika lake, mali ya Mwenyekiti, ikisubiri dharura.

Mwisho Bwana Faraji alilifunga begi kwa kufuli, akautia ufunguo kwenye utepe wa kijani wa Umoja, akauvaa shingoni. Chombo, alisema, hakiruhusiwi kujifungua chenyewe. Kisha akamwombea Suleimani safari njema, na akasikitika kwamba hataweza kumsindikiza uwanjani kwa sababu siku hiyo atakuwa zamu.

Siku ilipofika, wanachama walimsindikiza Suleimani kwa wingi. Mtu asidhani ni mapenzi matupu. Kila aliyekataliwa na Kamati alikuja na kifurushi chake kwapani, kwa sababu uwanjani huwezi jua. Mizani ya huko inaweza kuwa na roho nzuri. Tatu alikuja na chui wake. Suleimani naye alikuja na baiskeli, ameizungushia nailoni, haina kengele. Alipoulizwa ataipitishaje, alisema hajui. Alichojua ni kwamba hawezi kuiacha chini ya kitanda.

Begi likapanda kwenye mizani: thelathini kamili. Kerubo akajipongeza. Kijana wa kaunta akaitazama baiskeli, akasema kwa upole haiingii ndani ya ndege ikiwa mkononi, na kwenye kilo hakuna nafasi. Apunguze kitu begini kama anaweza, wao watamngoja.

Suleimani akalitazama kufuli.

Akasogea pembeni, ameikumbatia baiskeli kama mgonjwa. Akawaza simu ikilia nyumbani, na Shani akiipeleka uvunguni. Na hapo, kwenye mstari wa kaunta ya pili, akamwona mwanamume mmoja amevaa kofia, miwani ya jua na barakoa, na ana mabegi mawili makubwa. Hakuwa na la ajabu; Doha imejaa watu wa namna hiyo. Lakini abiria mmoja alitoka kidogo nje ya kamba. Yule mwanamume akatazama kulia, akatazama kushoto. Akajizuia. Abiria akatoka zaidi. Kidole kikainuka.

Abiria akarudi nyuma hatua moja. Suleimani naye akarudi nyuma hatua moja, na hapo akajua.

Angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Alimsogelea kwa nyuma, akainama, akasema, "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba," ikajibu ile barakoa.

Hakuna Mswahili aliyelelewa vizuri anayeweza kuiacha shikamoo ikianguka chini. Bwana Faraji alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililommaliza.

Kufumba na kufumbua, Umoja wote ukawa umemzunguka. Kerubo akamvua miwani taratibu, kama anavyofanya kwa wagonjwa.

"Kumbe unasafiri, Mwenyekiti. Na si ulisema uko zamu?"

"Ni ziara ya kikazi," alisema Bwana Faraji. "Nakwenda kukagua utekelezaji. Chombo kisingepaswa kujua kinakaguliwa."

Ilikuwa sababu nzuri, na watu waliipokea kwa heshima. Kerubo akauliza tu hayo mabegi yana kilo ngapi. Thelathini. Na Mwenyekiti ni msafiri? Ni msafiri. Basi, akasema Kerubo, hiyo ni rasilimali ya umma, na yeye ni chombo.

Bwana Faraji akasema sheria ilitungwa kwa wasafiri wa kawaida, na kwamba anakata rufaa.

"Hiyo ni haki yako," alisema Suleimani. "Lakini rufaa lazima uhame kiti."

Wakatafuta kiti. Pale kwenye kaunta hapakuwa na cheupe wala cha buluu. Suleimani akaishusha baiskeli, akaifunua nailoni, akamkaribisha. Bwana Faraji aliitazama, akaitazama foleni iliyokuwa inamtazama, akakataa kuikalia. Rufaa ikakosa mahali pa kusikilizwa, ikatupwa.

Bwana Faraji akavuta utepe wa kijani shingoni, akautoa ufunguo. Kerubo alisema kama kulikuwa na dharura ya kufungulia akiba, ndiyo hii. Seti ya vyombo ikatoka, kilo nane, baiskeli ikaingia kwenye hesabu, kilo sita. Zilizobaki Suleimani alipewa za kwake, akaomba aongeze kanga za mkewe alizokuwa amezivaa kiunoni chini ya koti kuikwepa Kamati. Kisha yakafunguliwa mabegi ya Mwenyekiti, na wanachama wakapanga mstari wenyewe, mzuri, ulionyooka, ambao siku nyingine ungempa faraja. Wa kwanza alikuwa Tatu.

"Asante, Mwenyekiti," alisema, akimkabidhi chui. "Mama anakaa juu kabisa, gari halifiki. Ukishuka uliza kwa mama Tatu, watakuonyesha njia ya mguu."

"Njia ya mguu," alisema Bwana Faraji.

"Si mbali. Ukichoka kuna jiwe la kupumzikia."

Mizani ilisoma thelathini. Kijana wa kaunta alishukuru kwamba wamejipanga vizuri. Alisema si kila kundi lina uongozi.

Shani alipomwona baba yake mlangoni, alikimbia kwanza kuchukua simu, akaiangalia, akamwangalia yeye. Alipoona kimoja kina baiskeli na kingine hakina, akaiweka simu chini. Suleimani akafunga kengele kwa bisibisi ya jirani, na tangu saa hiyo mtaa haukulala mchana.

Bwana Faraji likizo ilimgharimu hivi. Mapazia ya vyumba vitatu yaliyotolewa begini mwake, yalibaki kwa Kerubo, akayatundika yasipate vumbi. Mashine ya kusagia nyama, ilibaki kwa Kerubo. Seti ya vyombo vya udongo ilibaki kwa Kerubo pia, pungufu bakuli moja lililoanguka kwenye ngazi za umeme. Suti mbili na viatu vyote isipokuwa alivyovaa. Safari moja ya Pangani na tende, akakuta zinauzwa stendi. Safari tatu za Muheza, kwa sababu mara mbili wenye vifurushi hawakuwepo. Siku moja ya kupanda mlima Lushoto na chui begani, na mawe mawili ya kupumzikia, siyo moja. Uenyekiti, ambao hakunyang'anywa, ila Kerubo alipouliza nani anaukalia kwa muda, watu wote walimtazama yeye huyo huyo aliyeuliza. Na kidole, ambacho hadi leo akikiinua Fereej Bin Mahmoud, mtu humwuliza anasafiri lini.