Baiskeli ya Mikate

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote. Kila asubuhi nikimsikia binamu yangu akifunga kamba za viatu vya mbio, naomba zikatike. Zote mbili. Leo imekatika yangu.

Binamu ni binti wa shangazi. Tangu shangazi ahamishwe kikazi, analala kitanda cha juu chumbani kwangu. Baba humwita Twiga kwa ajili ya ile miguu mirefu. Mimi huniita "mama", na nilidhani jina hilo ni langu peke yangu. Leo mezani kasema, "Mama, hebu nisogezee chumvi." Nikanyoosha mkono. Kumbe hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na Twiga.

Kinachoniua hasa ni hiki. Kila mwaka Baba hushiriki marathoni ya wawili wawili: mmoja anakimbia nusu, mwenzake anapokea kitambaa na kumalizia. Mwenzake wa siku zote, fundi viatu wa jirani, kaharibika goti. Baba katangaza kwamba safari hii atakimbia na mmoja wetu. Tutakimbia naye mpaka tangi la maji na kurudi, Jumapili ya tarehe 23, kisha ataamua.

Ataamua nini? Si mimi ndiye mtoto wake wa kumzaa?

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mpango.

Maktaba ya shule ina jarida la michezo, limeandikwa kwa ile lugha yetu ya darasani ambayo nyumbani ninayeielewa ni mimi tu; Twiga huko kwao hakufundishwa. Kuna makala inalinganisha baiskeli na kukimbia kwa mtu anayejiandaa kwa marathoni. Baiskeli, wanasema, inajenga moyo na mapafu bila kuyagonga magoti. Ila haiizoeshi miguu kupokea uzito wa mwili barabarani. Anayetaka kukimbia, lazima akimbie.

Jioni nikawasomea jikoni, nikitafsiri papo hapo. Nikafika kwenye magoti, nikapatwa na kikohozi. Nikafunga jarida.

Mimi huyu, ambaye nikiulizwa jina langu darasani naijibu sakafu! Leo nimeongea mpaka Mama kaacha kukatakata vitunguu. Twiga kauliza kama kweli baiskeli inatosha. Nikamwambia wataalamu wamesema. Mama akanitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa.

Jumapili, 9 Machi

Baba ni mwokaji. Usambazaji wa mikate ya alfajiri ni kazi yangu, kwa baiskeli ya chuma kitupu isiyo na gia, kreti kubwa limefungwa nyuma. Duka la kona, bweni la wauguzi, halafu ile shule ya kileleni, ambako hata pikipiki hufika zikilalamika.

Leo nimemkabidhi Twiga baiskeli. Nimesema najinyima kwa ajili ya mapafu yake. Wewe piga pedali tu, nikamwambia, mambo ya kukimbia niachie mimi.

Akanikumbatia. Akasema hajawahi kuwa na dada. Nikajisikia vibaya kutoka jikoni mpaka getini. Baada ya geti nikaanza kukimbia, nikasahau.

Alhamisi, 13 Machi

Nakimbia asubuhi na jioni, lami tupu. Twiga anasukuma mikate. Kila kitu kinakwenda nilivyopanga isipokuwa mambo mawili.

La kwanza, mfupa wa muundi wangu unawaka moto. Naushusha ngazi kama yai.

La pili linauma zaidi. Kila alfajiri kuna mkate unaotoka tanurini umepinda, hauuziki. Mkate huo ni wangu tangu nikiwa na meno ya utoto. Leo nimemkuta Twiga ameketi juu ya gunia la unga, anautafuna, Baba kando yake anamfundisha namna ya kupanda kilima bila kuinuka kwenye kiti. Wanacheka. Unga mpaka kwenye nyusi zao. Hawakuniona. Nikasimama mlangoni kama mteja.

Nikasema mkate wangu uko wapi. Baba akashangaa, akasema huo si ni wa msambazaji?

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu wa michezo kaniona nikichechemea. Kasema nimezidisha lami, nipumzishe miguu, na kama siwezi kutulia basi niendeshe baiskeli. Nikamwambia baiskeli ninayo ila nimemwazimisha adui. Sikusema hivyo kwa sauti. Nilisema asante, mwalimu.

Mama kanifunga bandeji ya barafu. Akasema nimekonda kwa wivu, kama ningeula badala ya mkate basi angalau ningenenepa. Nikakana. Akafunga kwa nguvu zaidi.

Jumapili, 23 Machi

Siku yenyewe.

Tulianza pamoja. Kwenye mpando wa kwanza nikasubiri kusikia Twiga akihema. Sikusikia kitu, kwa sababu alikuwa mbali mbele yetu. Kumbe ukizoea kukipanda kilima na kreti la mikate nyuma ya baiskeli, siku ukikipanda mikono mitupu unapaa. Na kumbe miguu yake ilikuwa imepumzika. Makala haikusema lolote kuhusu kreti!

Nusu ya njia mguu wangu ukagoma. Nikakaa ukingoni. Baba akanipita, akauliza kama niko salama, nikasema nafunga kamba. Akaenda. Baadaye nilipotazama juu, niliyemwona anakuja si Baba. Ni Twiga, ameshazunguka tangi, anateremka mbio. Kanipita? Hapana. Kasimama. Kaweka bega lake chini ya kwapa langu.

"Twende, dada," akasema. "Tutafika tu."

Baba akatupita akirudi, Twiga akimpungia atangulie; tukafika wa mwisho, wote wawili. Baba alikuwa getini anatungoja. Twiga alisimama kunichukua makusudi, najua, ili Baba aone. Mtu mjanja sana yule.

Jioni Baba kaamua. Ni Twiga. Nilitazama sakafu. Akanivuta pembeni, karibu na tanuri.

"Mama," akaniambia, na safari hii alikuwa anasema na mimi. "Nikishindwa njiani nitamhitaji mtu wa kurudi kunichukua. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeelewa kabisa. Anayechaguliwa ni anayerudi. Mwakani nitatangulia, nitajificha nyuma ya tangi, halafu nitarudi kwa kishindo.

Lakini mwakani ni mbali, na mbio zenyewe bado majuma kadhaa. Leo Twiga kamwambia Baba kwamba nguvu zote hizo kazipata kwangu, kwa makala na kwa baiskeli. Baba kafurahi, kaniteua kocha wake. Chochote nitakachosema, Twiga atafanya.

Chochote.

Nimesharudi maktaba. Kuna makala nyingine, kuhusu kuogelea. Sijaimaliza, ila mwanzo wake unafaa sana. Kesho nitamwambia aache baiskeli, aache na kukimbia, aingie majini. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni kwa kuogelea. Akichoka kupita kiasi, Baba atatafuta mwingine haraka, na ni nani aliye karibu zaidi ya

Nyayo ukumbini. Nyepesi, ndefu. Ananiita dada, anasema ameniletea mkate uliopinda. Daftari chini ya godoro, haraka, ana