Mtihani wa Hiari

Jumatano, 6 Mei

Makubwa! Mwalimu Ekitela ametangaza kwamba mtihani wa mwisho wa Uchumi ni wa hiari. Wa hiari! Mwaka mzima tumefundishwa Uchumi wa kiwango cha chuo kikuu tukiwa sekondari, kumbe mtu anaweza kuukataa mtihani wenyewe na asifukuzwe. Ukifaulu, chuo kikuu hulisomi tena somo hilo. Usipoufanya, unaanza upya na wengine. Asiyeutaka aseme kabla ya Ijumaa jioni.

Kwenye majaribio nilipata kumi na mbili kwa mia. Lakini sina haraka. Nitamuuliza Sabdio, wa kwanza darasani, ambaye hatuachi tusahau kwamba ni wa kwanza.

Ijumaa, 8 Mei

Sabdio aliniangalia juu mpaka chini, akasema mtu kama mimi asijisumbue. Ushauri wa bure kutoka kwa mwerevu! Nikaenda mbio ofisini kujitoa. Mwalimu akauliza kama nyumbani wanajua. Nikasema Mama ndiye aliyenishauri.

Jioni, mshtuko: Sabdio mwenyewe anaufanya! Nikamfuata hadi kwao kulalamika. Akasema hakuniambia hataufanya, na niondoke mlangoni, watu wanataka kuswali. Nikampigia Mwalimu nirudishwe. Ameshaenda kwao Gotu. Huko simu haishiki mtandao.

Jumapili, 10 Mei

Haki sikutarajia! Pasta ameniita mbele ya kanisa kwa maombi ya mtihani. Nikainua kalamu zangu juu, watu wote wakaninyooshea mikono. Mjomba Kobia ameshuka kutoka Meru na mbuzi. Nilitaka kusema ukweli, lakini mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Wakati wa kula, Mama alisimama. Akasema yeye mtihani wa darasa la nane hakuufanya, kwa sababu nyanya yake aliugua na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Kesho nikiingia, akasema, tutakuwa tumeingia wawili. Niliona aibu mpaka nikarudisha maini ya mbuzi kwenye sahani.

Jumatatu, 11 Mei

Mpango ulikuwa rahisi. Nivae sare, nijifiche, nitoke na wenzangu nikijifanya nimechoka. Lakini Mama alinisindikiza! Yeye na jirani yetu Mama Karwitha na nusu ya kwaya ya kanisa. Wakakaa nje ya geti, wakasema wataimba hadi nimalize.

Nikajifungia kwenye choo cha walimu. Mara namsikia Mwalimu Ekitela akiita. Tyson! Tyson Mutea! Akapita madarasani, jikoni, nyuma ya tangi la maji. Nikajua nimeshikwa. Nikapanda juu ya sinki ili miguu isionekane chini ya mlango. Sijawahi kunyamaza namna ile. Huko nje kwaya ikaanza wimbo mwingine.

Mtihani ulipoisha nikatoka, nimekunja uso vizuri. Mwalimu alikuwa amesimama getini na Mama. Akasema hakuwa amelitoa jina langu, alijua ningebadilisha mawazo. Dawati lilikuwepo. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mimi kuitika tu.

Mama hakunipiga. Alivua kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, akawaambia wenzake waende nyumbani. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 12 Mei

Siamini! Mwalimu amenitafutia nafasi nyingine. Kuna mtihani wa waliokosa, wiki ijayo. Mama amelia kwa furaha. Akasema safari hii hatamwambia mtu yeyote, itakuwa siri yetu wawili. Nami nikalia, nikamwahidi mbele ya Mungu kwamba nitaingia.

Baadaye nimefikiria kwa kina. Nikiufanya nianguke, itajulikana. Nisipoufanya, hakuna atakayethibitisha kwamba ningeanguka. Kwa hivyo tangu saa nne asubuhi nimeanza kukohoa, kidogo kidogo, ili ikifika siku yenyewe kikohozi kiwe kimekomaa. Mama ameacha kazi zake akanichemshia tangawizi. Nimeimwaga dirishani, isije ikaniponya.